Maziwa Yalikuwepo

Mwaka ule nilikuwa nakaa Loresho, jijini Nairobi, jambo lililosikika vizuri zaidi kuliko lilivyokuwa. Nikisema "Loresho", watu waliwaza jumba la ghorofa, lango la umeme na mbwa wenye daktari wao. Vyote hivyo vilikuwepo, ila vilikuwa vya mwenye nyumba. Mimi nilipanga kijumba cha nyuma, vyumba viwili vilivyojengwa zamani kwa ajili ya mpishi, na mbwa wale walichukua muda mrefu kukubali kwamba nami ni wa hapo. Mume wangu alikuwa ng'ambo akisomea shahada ya pili. Alipiga simu Jumapili kwa kadi ya bei nafuu iliyofanya kila mmoja wetu asikie zaidi sauti yake mwenyewe ikimrudia. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki nikiwa bado chuoni. Basi nilipotoka hospitalini na binti yangu wa kwanza, kitu pekee kilichonguruma kutukaribisha nyumbani kilikuwa friji.

Nilikuwa mhariri wa vitabu vya shule. Nalitaja hili kwa aibu kidogo, kwa sababu muda mfupi kabla ya kujifungua nilikuwa nimehariri sura nzima ya kunyonyesha katika kitabu cha sayansikimu. Niliongeza koma hapa na pale, nikafuta neno lililorudiwa, nikaidhinisha mchoro wa mama anayetabasamu akimtazama mwanawe. Sura ilisema kwamba mtoto huwekwa titini naye hunyonya. Sentensi hiyo sikuigusa. Niliona imekamilika.

Binti yangu hakuwa ameisoma. Alilishika titi kwa pupa, akavuta kidogo, akateleza. Nikamrudisha, akateleza tena. Kila alipovuta ulitoka mlio mdogo mdomoni mwake, tak, tak, kama mtu mzima anayesikitishwa na jambo, na maziwa yakamchuruzika pembeni mwa mdomo hadi kwenye mikunjo ya shingo. Aliweza kunyonya hivyo mpaka jua likahama dirisha moja kwenda jingine. Kisha angelala kwa uchovu, na nikimlaza tu angeamka akilia kama ambaye hajaonja kitu tangu azaliwe. Chuchu zangu zilipasuka. Zilitoka mdomoni mwake zimebanwa, zimekatwa mshazari kama lipstiki mpya. Nikawa nasaga meno nikimnyonyesha, halafu nikawa naogopa hata kumwona akiamka, jambo ambalo yule mama wa kwenye mchoro hakuwahi kunidokezea.

Kiliniki, muuguzi alimweka mtoto kwenye mizani, akaitazama mizani, kisha akanitazama mimi.

"Mama, huyu haongezi. Unakula?"

"Nakula."

"Kula zaidi."

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia kazini. Alikuwa mjane mwenye vyumba vya kupangisha nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, mwanamke mwenye sauti ya kuwatoa wapangaji wabishi kwenye usingizi wao. Kwa desturi ya kwao, binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na mama mkwe hakulichukulia jambo hilo kama jina tu. Yule mtoto alikuwa yeye. Mimi nilikuwa mama yake. Alifika na sufuria iliyofungwa kwa kanga, akaketi, akauliza habari zake mwenyewe.

"Mama, nimeamkaje?"

"Umeamka vizuri."

"Nimenyonya?"

"Umenyonya kidogo."

"Kidogo!" Akamwinua mtoto na kumtazama miguu. "Ona mapaja yangu. Mimi sijawahi kuwa na mapaja kama haya maisha yangu yote. Mama, unanifanyia nini?"

Ndani ya sufuria mlikuwa na njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo huko kwao hupondwa na kulishwa mama aliyejifungua ili maziwa yaje. Nilikula. Akaleta uji wa wimbi, nikanywa. Jumamosi wakaja akina mama wa kanisa lake kuona mtoto, kila mmoja na chupa ya uji, nikanywa wote. Walinipapasa kama wanunuzi wa ng'ombe. Mmoja akasema maziwa yangu bado ni mepesi. Mwingine akasema msomi akifikiria sana maziwa hupanda kichwani. Nilinenepa. Gauni zangu za ujauzito zilianza kunibana wakati ambapo mtoto alizidi kuwa mwepesi mikononi. Sote tulikuwa tunaangalia upande mmoja, upande wangu, na hakuna aliyefikiri kumwangalia mtoto mdomoni. Mimi mwenyewe nilimchunguza vidole, masikio na kitovu, lakini mdomo niliuona kama mlango tu: ukifunguka, unaingiza.

Mchana mmoja aliponyonya akachoka akalala, nilibaki nimeketi kitandani, blauzi imelowa. Titi alilotoka kulinyonya kwa muda wote ule lilikuwa bado gumu kama jiwe. Nikaliwazia jambo hilo kama ninavyowaza mswada wenye kasoro. Tumeambiwa maziwa hayapo. Basi hiki kinacholowesha blauzi ni nini? Nilichemsha kikombe, nikanawa mikono, nikaanza kukamua polepole. Kikombe kikajaa. Nilikiweka mezani nikakitazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi akakosa wa kumpigia makofi. Alipoamka nilimpa kwa kijiko kidogo. Alimeza. Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba nilikuwa nimemficha mambo.

Kwa hiyo maziwa yalikuwepo. Kilichokuwa na shida ni safari kati yangu na yeye, ingawa sikujua ni mahali gani njiani. Kuanzia siku hiyo nikawa namweka titini kwanza, kisha nakamua, kisha nampa kwa kijiko. Alianza kulala. Nikawaza kwamba Jumamosi nitawaonyesha akina mama kikombe changu.

Sikupata nafasi. Mmoja wao, mama mnene mchangamfu aliyekuwa kiongozi wao, aliingia jikoni kupasha uji. Aliporudi alikuwa amepoa ghafla.

"Mama, kile kikombe na kijiko, ni vya mtoto?"

"Ni vya mtoto. Ni maziwa yangu. Nimekamua."

"Umekamua." Aliwatazama wenzake. "Na matiti yako hapo?"

"Hanyonyi vizuri. Kwa kijiko anameza."

"Sawa, mama," akasema kwa upole. Upole huo ndio ulionishtua.

Lazima nieleze miaka ile ilivyokuwa. Akina mama waliopatikana na virusi vya UKIMWI walikuwa wanashauriwa, mahali pengi, wasinyonyeshe, na wengi walifundishwa kumlisha mtoto kwa kikombe. Mji mzima ulijua. Mwanamke aliyeonekana akimpa mtoto mchanga kitu kingine badala ya titi hakuulizwa chochote, alikuwa ameshajibu. Akina mama hawa hawakuwa wabaya. Walikuwa wamezika watu wengi na wamejifunza kusoma dalili. Walifunga kwa sala, na sala ya siku hiyo ilikuwa na maneno ya uponyaji ambayo hayakuwepo Jumamosi iliyotangulia, ila hakuna aliyemtaja mgonjwa. Chupa zao za uji waliniachia. Hawakurudi kuzichukua.

Mama mkwe alirudi peke yake, mara moja tu. Hakuuliza ameamkaje.

"Wewe na kijana wangu," alisema, macho yake yakiwa dirishani, "kule hospitali mlipimwa?"

"Tulipimwa, mama. Tuko sawa."

"Sawa."

"Ni kweli."

"Si nimesema sawa?" Akamshika mtoto mguu kidogo, akamfunika, akaondoka. Lile "mimi" lake lilikuwa limeondoka naye. Kwa mara ya kwanza mtoto alikuwa mtoto tu.

Ningefanya nini? Ningeandika kwenye karatasi nikabandika langoni? Kupaza sauti kwamba sina virusi kungekuwa kuwasukuma mbali zaidi wale walio navyo, na tena hakuna aliyekuwa ameniuliza waziwazi. Nilimwambia mume wangu Jumapili. "Watu wa kanisa ni hivyo tu," ilisema sauti yake, na sauti yangu ikarudi ikiuliza, "Ni hivyo vipi?" Kisha kadi ikaisha.

Ulikuwa msimu wa baridi. Loresho asubuhi ilifunikwa na ukungu, na familia ya jumba kubwa ilipokwisha kuondoka na magari yake, palibaki kimya ambacho watu hulipia kodi kubwa kukipata. Mimi nilikipata kwa bei ya mpishi. Nilimsomea mtoto miswada kwa sauti ili pawe na mtu anayezungumza. Nilizungumza na mbwa kupitia ua. Na kikombe kikaanza kupungua. Kila siku kilijaa chini kidogo ya jana yake, kwa sababu mikono yangu haikuweza kuyaita maziwa kama mdomo wa mtoto unavyoyaita. Nilikwenda kwa daktari mmoja kijana karibu na barabara kuu. Alimpima mtoto, akanipima mimi kwa macho.

"Wanawake wengine hawana tu. Mnunulie ya kopo."

"Lakini yapo. Nayakamua."

"Yanapungua?"

"Yanapungua."

"Basi," akasema, kama mtu aliyefunga hoja.

Sikuwa na ugomvi na kopo. Limelea watoto wengi, na wenye haja nalo walikuwa wanasemwa vibaya bila sababu. Ila nilikuwa najua maziwa yapo, na yanakauka mbele ya macho yangu bila mtu kuniambia kwa nini, na yakishakauka hakutakuwa na njia ya kurudi.

Nilikwenda Kenyatta Market kusukwa. Kisingizio kilikuwa nywele. Ukweli ni kwamba msusi hukushika kichwa nusu siku na hakuulizi kwa nini unataka kushikwa. Nilipita katikati ya moshi wa nyama choma, wasichana wakinivuta mikono, "Madam, kuja nikusuke, hutasikia uchungu", nikaingia kwenye kibanda kimoja kwa sababu msusi alikuwa na mtoto wake mchanga ndani ya beseni lililotandikwa taulo. Niliona nitakuwa na mwenzangu. Wangu alilala mapajani mwangu.

Tulikuwa katikati ya kichwa wakati mtoto wa beseni alipoanza kulia. Alilia vizuri, kwa mdomo wote, na ulimi wake ukainuka mpaka karibu na paa la mdomo, ukatetemeka, kisha ukatoka nje na kuupita mdomo wa chini kabla ya kurudi. Nilikodoa macho.

"Mtoto wako anatoa ulimi," nikasema.

"Si ako nao?" Msusi akacheka. "Madam, hujawahi kuona mtoto akilia?"

"Nimeona mmoja."

"Huyo wako? Huyo hatoi?"

Kelele zikamwamsha wangu, naye akaanza. Nikamwinamia. Ulimi wake ulibaki chini kama umegandishwa. Kingo zilijaribu kuinuka, lakini ncha ilivutwa ndani katikati, ikawa na mbonyeo kama juu ya umbo la moyo. Haukufika hata kwenye ufizi. Niliomba maji ya kunawa, nikapitisha kidole chini yake. Palikuwa na uzi, mwembamba na mkakamavu, umeshika ulimi karibu kabisa na ncha na kuufunga kwenye sakafu ya mdomo. Nilipouinua mdomo wa juu nikakuta uzi mwingine kati ya mdomo na ufizi. Nikawaza, jamani, mtoto huyu ameshonwa.

Na hapo mambo yote yakajipanga: kuteleza, ule mlio wa tak tak, maziwa ya shingoni, chuchu iliyobanwa. Ulimi ndio unaopaswa kutoka, kulikumbatia titi na kulikamua. Wa kwake haukufika. Alikuwa akitafuna kwa ufizi, maskini, akifanya kazi ya mwanamume mzima, akipata matone.

"Nimalizie baadaye," nikamwambia msusi, nikisimama.

"Unaenda wapi na kichwa nusu?"

"Mjini."

"Hivyo?" Akanifunga kitambaa chake mwenyewe kichwani, kwa huruma au kwa kulinda jina la kibanda chake.

Mjini nilikuwa nakumbuka kibao cha daktari wa watoto katika jengo moja kuukuu lenye lifti ya mlango wa chuma. Alikuwa mama mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Nairobi, amevaa sweta juu ya sari na miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Nilianza kumweleza yote kwa mpangilio, nikiwa na utangulizi. Alinikatiza.

"Mlaze hapa. Nani amekuambia ni ulimi?"

"Hakuna. Nimeona mtoto mwingine akilia."

Alitia kidole kilichovaa glavu mdomoni mwa mtoto, akamwacha akivute, akatazama dari akisikiliza kwa kidole. Kisha akaniambia nimnyonyeshe mbele yake, akainama karibu hadi nikaona aibu.

"Ndiyo," alisema. "Kuna watoto wengi wana uzi huu na wananyonya bila taabu, hao naacha. Huyu wako anafungwa kweli. Nikate?"

"Na huu wa mdomo wa juu?"

"Huo acha. Karibu kila mtoto anao. Tukikata kila tunachokiona, tutamaliza mtoto."

"Ataumia?"

"Kidogo. Wewe utaumia zaidi. Ukitaka kuanguka, anguka kwenye kiti, sina mtu wa kukuokota. Umekuja na nani?"

"Na yeye."

Alinitazama kwa miwani ya machoni, kisha kwa ile ya kichwani. "Na nywele je?"

"Zitasubiri."

Muuguzi alishika kichwa cha mtoto. Mkasi ulikuwa mdogo na butu kwenye ncha. Kulikuwa na mlio mmoja, kilio kimoja kikubwa, na tone la damu kwenye pamba. Kabla sijaamua kuanguka nilikuwa nimewekewa mtoto kifuani. Alishika. Nilijiandaa kwa maumivu kwa mazoea, nikavuta pumzi, na pumzi ikabaki haina kazi. Hayakuja, au yalikuja madogo, ya kitu kingine kabisa.

"Usitangaze ushindi," daktari alisema akivua glavu. "Hajui kuutumia. Atajifunza. Wewe endelea kukamua mpaka ajue."

Ilikuwa kama alivyosema. Siku nyingine alinyonya vizuri, siku nyingine alirudia ufundi wake wa zamani na mlio ukarudi. Lakini kikombe kiliacha kupungua, na baadaye nilikuwa nakijaza bila kuwa na wa kumnywesha. Mapaja yakaja. Kijumba kikawa kimya zaidi, kwani sasa alikuwa akishiba na kulala, na nikagundua kwamba kile kilio ndicho kilichokuwa kikinisemesha mchana kutwa. Nilisimama mara kwa mara karibu na kitanda chake nikitumaini ataamka.

Mama mkwe alikuja bila taarifa. Nadhani mwanawe alimpigia. Alinikuta kwenye ngazi ya mlango, juani, namnyonyesha bila shuka. Hakusalimu. Alisimama, mkoba mkononi, akitazama koo dogo likipanda na kushuka, likipanda na kushuka.

"Ninameza," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Unameza, mama."

"Nilikuwa nimefanya nini?"

"Ulimi wako ulikuwa umefungwa chini. Daktari ameukata uzi."

"Ulimi wangu?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Ulimi wangu mimi, ufungwe? Waulize wapangaji!" Akafuta macho, akiyafuta zaidi ya kicheko kilivyohitaji. Kuhusu yale mengine hakusema neno, nami sikumsaidia kulitafuta.

Jumamosi walirudi wote, na njahi. Niliwasikia kutoka chumbani, nilikokwenda kumnyonyesha, wakila na kuimba sebuleni kwangu, chumba kidogo kikijaa hadi madirisha yakatoka jasho. Yule kiongozi wao alikuwa akieleza kwamba njahi haijawahi kumshinda mtu, ni kula tu bila kukata tamaa. "Ona sasa," alisema. "Si maziwa yamekuja?" Wakaitikia kwamba yamekuja. Mama mkwe alijaribu kusema habari za uzi, wakamwambia ajinyamazie, mtu haponi kwa mkasi. Ningeweza kutoka nikawaeleza. Nina shahada na sauti nzuri. Lakini nilijua pia kilichowarudisha: si mimi, ni titi langu kuonekana likifanya kazi. Kama ningekuwa na virusi, na mtoto huyuhuyu, na kikombe kilekile, sebule hiyo ingekuwa tupu leo, na sala ingekuwa inasomwa mahali pengine bila kumtaja mtu. Niliwaacha waimbe. Niliwapenda kidogo na kuwaogopa kidogo, na sikutoka.

Binti yangu alinyonya kwa utulivu, mkono wake umeshika blauzi yangu. Kisha mwendo ukapungua, ukasimama. Nilimsubiri ateleze. Hakuteleza. Alifungua mdomo taratibu, akaliachia titi, kichwa kikaanguka nyuma kwenye mkono wangu, tone la maziwa likibaki juu ya ulimi ule. Watu wengi walikuwa wameniacha mwaka ule, kila mmoja na sababu yake. Huyu ndiye wa kwanza aliyeniacha kwa kuwa ameshiba.